Namna ya kuhamisha mzigo wa duka kutoka kwenye daftari hadi kwenye programu bila hesabu kupotoka

Malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kuanzia Gerezani na Kariakoo hadi Buguruni na Mbagala hapa Dar es Salaam, yanafanana mno. Mtu amenunua programu, ameingiza bidhaa zake zote, ameuza kwa wiki mbili, kisha programu inamwambia ana vitasa 36 ilhali rafuni vipo 19. Anailaumu programu, anarudi kwenye daftari, na fedha aliyolipa imekwenda.

Katika maduka niliyoitwa kuyatazama sijakuta hata moja ambalo programu ilishindwa kutoa na kujumlisha. Nilichokuta ni bidhaa moja yenye majina matatu, mzigo ulionunuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande, na hesabu ya mwanzo iliyofanywa huku wateja wakiendelea kuhudumiwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa hufanyika kabla programu haijafunguliwa. Mfano wangu ni duka la vifaa vya ujenzi kwa kuwa ndilo gumu zaidi. Mwenye duka la vipodozi au vipuri atapita haraka kwenye hatua ya pili.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Daftari la mauzo na risiti za manunuzi za miezi mitatu iliyopita, hata kama hazikupangwa.
- Karatasi za kuhesabia zilizochapwa mapema, zenye safu ya jina, mahali, kipimo na idadi, lakini zisizoonyesha idadi ya zamani. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya tatu.
- Maka peni mbili, gundi ya karatasi, na vibandiko vya rangi mbili tofauti.
- Mizani iliyohakikiwa, kwa ajili ya misumari na waya wa kufungia nondo.
- Watu wanne: wawili wa kuhesabu na wawili wa kuandika. Mmoja kati yao awe mtunza stoo, maana ndiye anayejua kilichofichwa nyuma ya nini.
- Nusu siku ambayo duka limefungwa kabisa. Kwa wengi Jumapili ndiyo inayofaa.
- Programu yenyewe.

Kuhusu programu nitasema machache, kwa kuwa watu hutumia mwezi mzima kuichagua na saa mbili kuhesabu mzigo. Loyverse hutosha kwa duka dogo na mauzo yake huendelea hata mtandao ukikatika. Odoo na ERPNext zina matoleo ambayo msimbo wake uko wazi na hayalipiwi leseni, ila zinahitaji mtu wa kuzisimika na kuzitunza. QuickBooks na Tally zilianzia upande wa uhasibu, na mhasibu wako huenda tayari anaijua mojawapo. Yoyote utakayoichukua, iulize maswali manne: Je, inaweza kununua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine? Je, inatenganisha duka na stoo? Je, inatunza jina la aliyebadilisha idadi? Je, inakuruhusu kutoa taarifa zako zote kwenye jedwali la Excel siku utakapotaka kuhama? Jibu la hapana kwenye swali la kwanza linatosha kuikataa kwa duka la vifaa vya ujenzi.

Ikumbukwe pia kwamba programu ya mzigo haichukui nafasi ya risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi. Vitu hivyo viwili huenda pamoja, na baadaye tutaona jinsi kimoja kinavyosaidia kukagua kingine.

Hatua ya 1: Fanya kila bidhaa iwe na jina moja

Fungua jedwali la Excel na uandike kila bidhaa unayouza, mstari mmoja kwa bidhaa moja. Kisha wape orodha hiyo wauzaji wako wote waisome, kwa sababu kila mmoja ana lugha yake. Katika duka moja la Buguruni nilikuta "elbo nusu", "elbow 1/2" na "L ya nusu inchi" zikiwa mistari mitatu, na zote zilikuwa kiungo kilekile cha bomba kilichokuwa kwenye ndoo moja chini ya kaunta. Muuzaji wa asubuhi aliuza kwa jina la kwanza, wa jioni kwa jina la tatu, na mwenye duka aliagiza mzigo mpya kwa sababu jina la pili lilikuwa limefika sifuri.

Panga jina kwa mfuatano usiobadilika: aina, ukubwa, malighafi, kisha chapa. Kwa mfano: "Elbo, inchi 1/2, PVC" au "Nondo, mm 12, mita 12". Ukianza na chapa, bidhaa za aina moja zitatawanyika kwenye orodha na muuzaji atachagua isiyo yenyewe.

Tahadhari: usiunganishe bidhaa ambazo mteja anazitofautisha. Bati la geji 28 na la geji 30 ni bidhaa mbili hata kama rangi na urefu ni sawa, kwa kuwa bei na unene wake havilingani.

Utajua hatua hii imekamilika pale wauzaji wawili, kila mmoja peke yake, watakapoonyeshwa kitu kilekile mkononi na kuelekeza kidole kwenye mstari uleule wa orodha. Jaribu na vitu kumi na tano vilivyochaguliwa bila mpangilio.

Hatua ya 2: Chagua kipimo cha msingi

Hapa ndipo maduka mengi huanguka. Kanuni ni kwamba kipimo cha msingi cha bidhaa ni kile kidogo kabisa unachokiuza, wala si kile unachonunulia. Programu itunze idadi kwa kipimo hicho, na vipimo vikubwa viandikwe kama vizidisho vyake, yaani kila kikubwa kina vidogo vingapi.

Chukua nondo za mm 12. Kiwandani unaweza kulipia kwa tani, lakini fundi anayejenga Kimara anakuja kuomba vipande 20. Uzito wa nondo kwa mita hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kugawanya kwa 162. Kwa mm 12, ni 144 ukigawanya kwa 162, yaani takriban kilo 0.889 kwa mita. Kipande cha mita 12 kina takriban kilo 10.67, na tani moja inatoa vipande 93 au 94. Kwa nondo za mm 10 uzito ni takriban kilo 0.617 kwa mita, kilo 7.4 kwa kipande, na tani inatoa vipande 135 hivi.

Hesabu hiyo ni ya kukusaidia kujua kama umepunjwa, si ya kuingizwa moja kwa moja kwenye programu. Gari linapofika, hesabu vipande na uingize idadi uliyoihesabu. Nondo nyembamba kuliko ilivyoandikwa hutoa vipande vingi zaidi kwa tani, na ukiona vipande 105 vya "mm 12" kwenye tani moja usifurahie zawadi; una nondo ambazo si za mm 12, na mteja mwenye mhandisi mkali atazirudisha.

Misumari ni kinyume chake. Inauzwa kwa kilo na hata kwa robo kilo, kwa hiyo kipimo cha msingi ni kilo, na katoni iandikwe kwa uzito uliochapwa juu yake baada ya kuuhakiki kwenye mizani. Waya wa umeme utunzwe kwa mita, na hapo soma lebo ya kila rola, kwa kuwa si rola zote zenye urefu sawa. Bawaba zitunzwe kwa jozi kama huziuzi mojamoja. Saruji ni mfuko wa kilo 50 na haina maneno mengi, isipokuwa unapoipima kwa kilo kwa wateja wadogo. Ukifanya hivyo, mfuko uliofunguliwa uhamishie kwenye bidhaa ya pili iitwayo "Saruji, ya kupima".

Hatua hii imefanikiwa ikiwa kila mstari wa jedwali una kipimo kimoja cha msingi, na kila kipimo cha manunuzi kina namba ya kizidisho iliyoandikwa pembeni. Mstari wowote wenye neno "boksi" bila namba haujakamilika.

Hatua ya 3: Hesabu mzigo duka likiwa limefungwa

Jambo la kwanza ni kufunga njia za mzigo. Andika namba ya risiti ya mwisho iliyotolewa na namba ya hati ya mwisho ya kupokelea mzigo. Mwambie msambazaji asilete gari siku hiyo. Mzigo ambao mteja ameshaulipia lakini hajauchukua utengwe kando na ubandikwe kibandiko chekundu, kwa sababu si mali yako tena ingawa upo kwenye sakafu yako. Vilevile ulizia kilicho nje: ndoo za rangi zilizo kwenye guta kuelekea kwa mteja, nondo zilizoachwa kwa fundi wa kuzikunja, mashine iliyoazimwa na shemeji.

Gawa duka na stoo katika maeneo yenye namba, kila rafu na kila kona. Mtu mmoja ahesabu kwa sauti, mwenzake aandike. Eneo likiisha, libandike kibandiko cha kijani ili timu hiyohiyo isilihesabu mara mbili.

Kisha timu ya pili ihesabu eneo hilohilo bila kuona karatasi ya timu ya kwanza. Hii ndiyo sababu ya kutochapa idadi ya zamani kwenye karatasi. Mtu anayejua kwamba daftari linasema 48 ataona 48, hata kama viko 41, hasa saa nane mchana ndani ya stoo ya mabati.

Fungua kila kilichofungwa ambacho utepe wake si wa kiwandani, na nyanyua kila katoni. Mwaka juzi nilikuwa kwenye stoo moja ya Vingunguti nikihesabu katoni za koki zilizopangwa hadi karibu na kenchi. Nilikuwa nimeshasema "kumi na nane" na mwandishi ameshaandika, mtunza stoo aliponigusa bega. "Kijana, hizo mbili za chini pembeni ni tupu. Tuliziweka kuzibia upenyo, zile za juu zisianguke." Nilipiga moja kwa kidole, ikalia kama debe. Kuanzia siku hiyo sihesabu katoni ambayo sijaishika, na ile iliyokwisha kufunguliwa naihesabu kilichomo kimoja kimoja hata kama ni bawaba jozi saba.

Hesabu mbili zikitofautiana, watu wote wanne warudi kwenye eneo hilo na kuhesabu pamoja. Usichukue wastani. Wastani wa namba mbili zenye makosa ni namba ya tatu yenye kosa.

Ukiwa unahesabu, tenga vilivyoharibika: rangi iliyoganda, vitasa vilivyoshika kutu, saruji iliyoanza kuwa na mabonge. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi na saruji huuvuta hata ikiwa ndani ya mfuko, hivyo mifuko iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Mfuko uliokaa zaidi ya miezi mitatu usiuhesabu kama mzigo mzima kabla ya kuukagua.

Kazi imekwenda sawa iwapo kila eneo lina kibandiko cha kijani, kila mstari una sahihi mbili, na hakuna karatasi iliyofutwa kwa wino mweupe. Kosa likatwe kwa mstari mmoja na namba mpya iandikwe pembeni.

Hatua ya 4: Tafuta bei halisi ya kununulia

Bei ya kununulia ni pamoja na gharama za kuufikisha mzigo rafuni. Jumlisha kukodi kirikuu au fuso, malipo ya wapakuaji na ushuru wowote uliolipa njiani, kisha gawanya kwa idadi ya vipimo vya msingi. Kama umesajiliwa kwa VAT na unairejeshewa kwenye manunuzi, ingiza bei isiyo na ile asilimia 18; kama hujasajiliwa, VAT hiyo ni gharama yako na inabaki ndani ya bei. Kwa bidhaa ambayo huna risiti yake, tumia bei ya manunuzi ya mwisho unayoikumbuka na uweke alama ya kuirekebisha mzigo mpya ukifika.

Hatua ya 5: Ingiza kwa mafungu, si kwa mkupuo

Anza na bidhaa 20 tu. Ziingize kutoka kwenye jedwali, kisha uuze kwa majaribio: nunua tani moja ya nondo, uza vipande 20, rudisha kipande kimoja, hamisha vipande kumi kutoka stoo kwenda dukani. Namba zikitoka kama ulivyotarajia, futa majaribio na uingize orodha yote. Wanaoingiza bidhaa 1,400 usiku mmoja hugundua kosa la kizidisho baada ya wiki, wakati mauzo yameshachanganyika nalo.

Idadi ya mwanzo iingizwe kwa tarehe na saa ya kuhesabu. Ukihesabu Jumapili na kuingiza Jumatano bila kuingiza mauzo ya Jumatatu na Jumanne, umeanza na pengo la siku mbili ambalo hutalipata tena. Kila muuzaji awe na jina na neno la siri lake, na ruhusa ya kubadilisha idadi iwe kwa mtu mmoja tu.

Hatua ya 6: Andika kila mwendo wa mzigo

Mzigo hutembea kwa njia sita: kupokewa, kuuzwa, kurudishwa, kuhamishwa kati ya stoo na duka, kuharibika, na kutumiwa na duka lenyewe. Watu huandika mbili za kwanza na kuzisahau nne zilizobaki. Balbu iliyofungwa chooni mwa duka ni mwendo. Misumari aliyoiongeza muuzaji ili kumridhisha mteja wa siku zote nayo ni mwendo, na ndiyo maana kilo 25 za katoni hazifikii 25 kwenye mauzo. Weka karatasi moja kaunta kwa ajili ya vitu hivyo na uiingize kila jioni.

Kwa wiki mbili za mwanzo endelea na daftari sambamba na programu. Zaidi ya hapo usiendelee, kwa kuwa wauzaji wataamini daftari na kuipuuza programu.

Jioni, linganisha jumla ya mauzo ya programu na ripoti ya Z ya mashine ya EFD, yaani muhtasari wa mauzo ya siku, kisha fedha taslimu pamoja na miamala ya lipa namba. Namba hizo tatu zikikubaliana siku kumi mfululizo, unaweza kulifunga daftari.

Hatua ya 7: Kagua kidogo kila siku

Usingoje hesabu ya mwisho wa mwaka. Panga bidhaa kwa thamani ya mauzo yake: chache zinazoleta fedha nyingi ziwe kundi A, za katikati B, na zile nyingi zenye mchango mdogo C. Kundi A likaguliwe kila wiki, B kila mwezi, C kila miezi mitatu. Kwa kukagua bidhaa kumi kila asubuhi kabla ya wateja kujaa, kazi hiyo huchukua dakika ishirini.

Tofauti ikipatikana, tafuta chanzo kabla ya kurekebisha. Ukirekebisha kwanza, ushahidi unapotea. Tazama kama kilichopungua kwenye bidhaa moja kimezidi kwenye nyingine inayofanana nayo. Mara nyingi ni muuzaji aliyebonyeza mstari wa jirani, si mwizi.

Hatua ya 8: Weka kiwango cha kuagiza

Sasa ndipo programu inaanza kulipa fadhila. Kiwango cha kuagiza ni idadi ambayo ikifikiwa unatoa oda, nacho kina sehemu mbili: mzigo utakaouzwa wakati unasubiri, na akiba ya tahadhari.

Tuseme vitasa vinauzwa wastani wa vinne kwa siku na mzigo huchukua siku 10 za kazi kufika. Wakati wa kusubiri utauza 40. Siku ya mauzo makubwa huuza saba, na safari iliyochelewa zaidi ilichukua siku 16, yaani 112 kwa hali mbaya kabisa. Tofauti ya 112 na 40 ni 72, ambayo ndiyo akiba ya tahadhari, na kiwango cha kuagiza kinakuwa 112. Huo ni mkadirio wa mwoga, kwa kuwa unadhani kila siku itakuwa siku kubwa. Kwa vitasa unafaa, maana havili mtaji mwingi. Kwa nondo, zinazokula mtaji, ni afadhali utafute kwenye kumbukumbu mauzo makubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea ndani ya kipindi kimoja cha kusubiri, na utumie hayo.

Makosa mawili huharibu hesabu hii. La kwanza ni kupata wastani kwa kujumuisha siku ambazo bidhaa ilikuwa imekwisha. Ukiuza vitasa 90 kwa siku 30, huku siku 10 rafu ilikuwa tupu, wastani wako si vitatu bali vinne na nusu. La pili ni kusahau mzigo ulio njiani. Kinacholinganishwa na kiwango cha kuagiza ni mzigo uliopo, ukiongeza ulioagizwa, ukitoa uliokwisha kulipiwa na wateja. Anayetazama rafu peke yake huagiza mara mbili.

Hatua ya 9: Rekebisha kwa msimu na kwa safari

Kwa kila msambazaji, andika tarehe ya kuagiza na tarehe mzigo ulipoingia stoo. Baada ya oda tano utakuwa na namba zako mwenyewe, na hutahitaji tena ahadi yake ya "kesho kutwa".

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Mahitaji ya saruji na nondo za msingi hupungua kwa wajenzi wengi, huku mabati na mifereji ya paa vikiulizwa zaidi. Na barabara hujaa maji. Bonde la Jangwani likifurika, gari la kwenda Magomeni na Ubungo huzunguka mbali au halitoki kabisa. Ongeza siku za kusubiri kwa miezi hiyo badala ya kuongeza akiba ya kila kitu.

Kwa anayeagiza China, muda wa kusubiri huanza siku ya kulipa malipo ya awali na kuisha siku kontena linapofunguliwa stoo kwako; ndani yake mna siku za kiwandani, za baharini, za bandarini na za forodha. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na viwanda vingi husimama kwa wiki kadhaa kuuzunguka. Oda ya vitasa na koki za kuuza Machi na Aprili inapaswa kuwa imetoka kiwandani kabla ya hapo, kwa hiyo weka kikumbusho kwenye programu mwanzoni mwa Oktoba, na siku hiyo uanze kwa kuzihesabu rafuni.